RAHA YA DUNIA NA FURAHA YA MILELE: JE, NI LAZIMA TUCHAGUE?

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ndugu msomaji, ukisikiliza watu wanavyozungumza hapa kwetu Bamburi juu ya dunia na mbingu, utadhani methali hii ilitungwa kwa ajili ya Wakristo. Huku wako wanaosema, "Kula raha bwana, kesho ni ya nani?" Kule wako wanaosema, "Dunia ni mapito, raha yake ni mtego, achana nayo kabisa uupate uzima wa milele." Yaani shika moja, nyingine uiachilie. Na sisi wanafunzi tumewekwa katikati kama mpira wa kandanda, tunapigwa teke huku, tunapigwa teke kule.

Mimi kwa maoni yangu naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wote wanaamini kwamba Mungu na raha hawakai nyumba moja. Mla raha anamfukuza Mungu ili raha ibaki. Mhubiri mkali anaifukuza raha ili Mungu abaki. Imani ya Kikristo yenyewe haisemi hivyo, na ndilo ninalotaka kulionyesha hapa. Nisidhaniwe nafanya mchezo wa maneno tu. Jambo hili limeua watu, na kesi yake ilifikishwa hapa Shanzu, mwendo mfupi tu wa matatu kutoka Bamburi.

Tuanze na wala raha. Nani asiyejua raha ya kwetu? Siku ya Krismasi au Idi, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule tunaouita Pirates, hujaa watu hata mchanga hauonekani. Watoto wanaelea juu ya tyubu za magari. Mihogo inakaangwa na kutiwa pilipili na ndimu. Madafu yanapasuliwa, ngamia wanapita, vijana wanasakata kandanda mpaka maji yajae. Wa Kiembeni, wa Mtopanga, wa Utange na hata wageni wa kutoka bara, wote huonekana pale. Je, hiyo ni dhambi? La hasha! Anayesema kuoga baharini na ndugu zako ni dhambi, huyo anamlaumu aliyeiumba bahari.

Lakini raha ina tabia moja mbaya. Ukiipa kiti itataka kitanda. Mtu anaanza na muguka kidogo "wa kuchangamka", baadaye ni muguka usiku kucha, halafu shuleni haonekani tena. Kelele za wazazi zilipozidi, mwezi wa Mei mwaka 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na mahakama nayo ikaisimamisha marufuku hiyo. Mimi si mwanasheria. Ninachoona ni kwamba mtu aliyeifuata raha sasa anafuatwa na raha, na haina huruma naye.

Tena kuna raha ambayo bei yake hulipwa na mtu mwingine. Mwaka 2006 shirika la UNICEF pamoja na serikali ya Kenya walitoa ripoti kuhusu watoto wa pwani na biashara ya ngono inayofuatana na utalii. Ripoti ile ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani walikuwa wamenaswa katika mambo hayo. Wengine walikuwa wa umri wetu, na wengine wadogo kuliko sisi. Hebu tafakari, msomaji. Kwa mtu mmoja ile ilikuwa likizo. Kwa mwingine ilikuwa mwisho wa utoto. Raha ya namna hiyo haihitaji mahubiri marefu. Inatosha kuuliza, nani analia ili mimi nicheke?

Yesu alitoa mfano wa tajiri mmoja, uko katika Injili ya Luka sura ya 12. Shamba lake lilizaa sana hata maghala hayakutosha. Akapanga kuyabomoa ajenge makubwa zaidi, kisha astarehe miaka mingi. Usiku uleule akafa. Watu wengi husema kosa lake lilikuwa kuvuna sana. Si kweli. Soma tena taratibu uone anazungumza na nani. Anazungumza na nafsi yake peke yake! Hana mke katika hadithi ile, hana jirani, hana maskini, hana Mungu. Mavuno yalikuwa baraka, lakini yeye aliyageuza yakawa ukuta.

Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste ulioko Algeria ya leo, aliyajua haya vizuri. Katika ujana wake alionja raha nyingi, na katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia hata namna yeye na wenzake walivyoiba mapea ya jirani bila kuwa na njaa, kwa utamu wa kuiba tu. Baadaye akawa askofu. Fundisho lake, nikilieleza kwa lugha ya kwetu, ni kwamba kila binadamu anatafuta furaha, na hakuna ubaya hapo. Ubaya ni kukiomba kitu kidogo kitupe kile ambacho ni Mungu tu anaweza kutoa. Kikombe kinatosha kuondoa kiu. Ukikiambia kikombe kiwe bahari, utakivunja bure.

Basi hao ndio wala raha. Sasa tugeukie upande wa pili, na hapa ndipo moyo unaponiuma.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023, polisi waliingia katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, nyuma ya Malindi. Walichokikuta huko kiliitetemesha dunia. Makaburi yalifukuliwa wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi, mpaka maiti zilizopatikana zikapita 400. Waliokufa walikuwa wafuasi wa Paul Nthenge Mackenzie, mhubiri aliyekuwa na kanisa Malindi, akalifunga mwaka 2019 na kuhamia msituni na watu wake. Kulingana na upande wa mashtaka na ushahidi ulioripotiwa, watu hao waliambiwa wafunge mpaka wafe, ndipo wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Uchunguzi wa madaktari wa serikali ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na wengine, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mnamo Januari 2024 Mackenzie na wenzake walifikishwa mbele ya mahakama ya Shanzu na mahakama nyingine za Mombasa. Walikana mashtaka. Mambo ya hukumu ni ya mahakama, si ya jarida la wanafunzi. Lakini mafundisho ni ya kila mtu kuyapima.

Na mafundisho yale yalikuwaje? Shule ni ya shetani. Hospitali ni ya shetani. Vitambulisho, nywele za kusukwa, televisheni, vyote ni vya dunia, viachwe. Kisha kikaja chakula. Mnaona ngazi hiyo, wenzangu? Haikuanzia kwenye kifo. Ilianza na jambo dogo ambalo hata mtu mwema angelikubali. Ukishakubali kwamba kila kitu cha dunia ni adui wa mbingu, hutajua pa kusimama, maana hata uji wa mtoto ni kitu cha dunia.

Msiseme ni wajinga tu walionaswa. Waliokwenda Shakahola walikuwemo waliosoma na waliokuwa na kazi zao nzuri. Wala msiseme ni jambo la Kenya peke yake. Huko Kanungu, magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi walifia ndani ya jengo lao la ibada lililoteketezwa kwa moto. Nao walikuwa wameambiwa dunia inakwisha, na wengi walikuwa wameshauza mali zao. Tofauti ni moto na njaa. Fundisho ni lilelile.

Sasa swali ni hili: Je, huo ni Ukristo uliozidi kiasi, ama si Ukristo kabisa? Wengine husema, "Wale walikuwa na imani kali mno." Mimi sikubali. Haikuwa imani iliyozidi. Ilikuwa imani nyingine iliyovaa kanzu ya Kikristo. Hebu tuifungue Biblia tuone.

Kwanza, katika ukurasa wake wa mwanzo kabisa Mungu anaumba mwanga, maji, miti, samaki na wanyama, na kila mara anaona kuwa ni vyema. Dunia haikuumbwa na shetani. Zamani walikuwako watu walioitwa Wamani, waliofundisha kwamba mwili na vitu vyote vya kushikika vimetokana na giza. Augustino mwenyewe aliwafuata kwa karibu miaka tisa, kisha akawaacha, na Kanisa likayakataa mafundisho yao. Kwa hivyo jambo hili lilishakatwa shauri miaka zaidi ya 1,600 iliyopita. Anayelileta leo halileti jipya.

Pili, ishara ya kwanza ya Yesu kwa mujibu wa Injili ya Yohana ilifanyika wapi? Msibani? Jangwani? La, arusini! Huko Kana divai iliwaishia wenye arusi, aibu ikakaribia, naye akageuza maji ya mitungi sita mikubwa ya mawe. (Mwalimu wa zamu asinielewe vibaya, sisemi wanafunzi wanywe divai!) Ninachosema ni kwamba Mwana wa Mungu aliona haja ya arusi ya watu wa kijijini isiharibike. Maadui zake walimsengenya kuwa ni mlaji na mnywaji, kwa vile alivyopenda kuketi mezani na watu. Mhubiri anayemhubiri Yesu asiyekaa mezani amempata wapi?

Tatu, na hili ndilo linanifurahisha mimi mtoto wa pwani, tazama sura ya 21 ya Yohana. Yesu amekwisha kufa, amekwisha kufufuka, ameushinda mauti. Kama kuna mtu aliyemaliza kazi na dunia, ni yeye. Anafanya nini? Alfajiri yuko ufuoni, amewasha makaa, anachoma samaki, amewaandalia na mkate wavuvi waliokesha bila kupata kitu. Anawaita waje wafungue kinywa. Wavuvi wetu wanaorudi na ngalawa asubuhi wangemwelewa mara moja. Uzima wa milele wenyewe ulikuja ufuoni ukapika!

Nne, Paulo alimwandikia Timotheo akimwonya juu ya watu watakaokataza ndoa na kuamrisha watu wajinyime vyakula. Akasema mafundisho hayo ni ya roho za udanganyifu, kwa sababu Mungu aliumba vyakula vipokewe kwa shukrani. Ni barua ya kwanza, sura ya nne. Kama kila mtu aliyekuwa Shakahola angelisomewa sura hiyo moja!

Najua kuna msomaji anayetikisa kichwa. Ataniuliza, "Mbona Yesu aliwaambia wafuasi wake wajikane na wabebe msalaba? Mbona yeye mwenyewe alifunga siku 40? Na masista na mapadri wasiooa je? Na mashahidi wa Uganda waliouawa Namugongo mwaka 1886?" Ni maswali mazuri, na yanahitaji jibu.

Jibu langu ni hili. Kuacha kitu chema kwa ajili ya kilicho chema zaidi si sawa na kukiita kibaya. Mwanafunzi anayeacha kwenda kucheza ili adurusu hajasema kandanda ni laana. Sista asiyeolewa hajasema ndoa ni uchafu. Angesema hivyo, sadaka yake ingekuwa na maana gani? Huwezi kumtolea Mungu takataka ukaiita zawadi.

Na kufunga je? Mfungo wa kweli una mwisho. Kwaresima ina Pasaka yake. Yesu alipomaliza zile siku zake alihudumiwa, akarudi kwa watu, akala. Tazama hata ndugu zetu Waislamu tunaosoma nao. Katika mwezi wa Ramadhani hufunga kutwa, lakini jua likitua kuna futari, na jirani Mkristo naye huletewa sahani. Mgonjwa hafungi, mtoto mdogo halazimishwi. Kila mwenye busara anajua kwamba mfungo usio na futari si mfungo, ni mauti. Tena nabii Isaya, sura ya 58, anaeleza mfungo anaoupenda Mungu: kumfungua aliyeonewa, na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Yaani unajinyima ili mwenzako ale. Kule msituni mambo yaligeuka chini juu. Kulingana na ushahidi ulioripotiwa, watoto ndio waliotangulizwa kunyimwa. Mtu mzima akitaka kubeba msalaba, abebe wake. Nani alimruhusu kumtwika mtoto wa miaka mitatu?

Na mashahidi wa Namugongo hawakujiua. Waliuawa na mfalme. Walipenda kuishi, ila hawakukubali kuinunua pumzi kwa kumkana Bwana wao. Kati ya mtu anayekubali kufa kwa ajili ya ukweli na mtu anayefundishwa kuuchukia uhai, pana bonde refu.

Bado kuna neno la maskini. Kuna mama anayeamka saa kumi usiku kukaanga mahamri Bamburi Mtambo, akauze, alipe kodi na karo. Huyo ukimwambia ya mbinguni atalia kwa furaha, na ana haki. Mimi simcheki hata kidogo. Tumaini la mbinguni ni tegemeo la wengi wasiokuwa na tegemeo lingine. Lakini tumaini la kweli humfanya mtu asimame, halimlazi chini.

Mfano tunao hapahapa Kisauni. Mwaka 1875 wamishenari wa CMS walianzisha Freretown, makao ya watu waliookolewa katika utumwa. Hao walikuwa wamepoteza kila kitu: nyumba, ndugu, wengine hata majina. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kuichukia dunia, ni wao. Walihubiriwa mbingu, naam, lakini pamoja na kanisa kulikuwa na shule, mashamba ya kulima na ufundi wa mikono. Na kengele iliwekwa ya kuwaonya watu hatari ikija, ile iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake. Fikiria jambo hilo. Waliamini uzima wa milele, na bado waliweka kengele ya kuulinda uzima wa leo. Huo ndio Ukristo ninaoujua mimi.

Ukitaka mfano mwingine, pita Haller Park. Pale palikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mawe matupu yanayoungua juani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Leo pana msitu, samaki, twiga na viboko. Biblia inamalizika kwa mbingu mpya na nchi mpya, na mji mtakatifu unaoshuka kuja kwa watu. Haimaliziki kwa watu kuitoroka nchi. Mtu anayengoja bustani ya milele anapaswa kuwa wa kwanza kupanda mti kwenye machimbo.

Baada ya Shakahola serikali iliunda kikosi kilichoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi kuchunguza sheria za mashirika ya dini, nacho kilitoa ripoti yake Julai 2024. Ni vyema. Lakini sheria haiwezi kukaa mlangoni mwa kila moyo. Sisi wenyewe ndio mabawabu. Kwa hivyo napendekeza maswali matatu ambayo kila mwanafunzi anaweza kuyabeba mfukoni, ayatumie kuipima raha na kumpima mhubiri pia.

La kwanza: Je, jambo hili linanifanya niwapende zaidi watu wa nyumbani, ama linanitenga nao? La pili: Je, kuna mtu anayeumia ili mimi nifurahi, au ili mimi niokoke? La tatu: Je, naruhusiwa kuuliza? Raha iliyogeuka bwana haitaki maswali, na mhubiri wa uongo pia hayataki. Mungu wa Biblia aliulizwa na Ibrahimu, akaulizwa na Ayubu, akaulizwa na Tomaso, na hakumfukuza hata mmoja.

Kwa walimu wetu nina ombi moja kwa heshima. Msituachie mambo haya tuyajadili mabwenini usiku peke yetu. Katika vipindi vya dini na mikutano ya chama cha Wakristo, na hata katika midahalo ya chama chetu hiki cha Kiswahili, tupeni nafasi ya kuuliza waziwazi. Mtoto anayeogopa kumuuliza mwalimu atamuuliza mtu mwingine, na huyo mtu hatumjui.

Nanyi wenzangu, jua likizama na upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, ukiwa na ndugu zako mnakula mihogo kwa pilipili mkicheka, usione haya mbele za Mungu. Mshukuru. Mmegee asiye na kitu. Kisha kumbuka kwamba utamu huo ni kionjo tu, na mwenye karamu bado hajaandaa meza kubwa. Anayekiita kionjo karamu atalala na njaa. Na anayekitema kionjo kwa kumchukia mpishi, huyo ataketije karamuni?

Mwenye masikio na asikie.